Umevuka 40 na unataka kasi: kutembea kwa zamu, kilomita za polepole au mbio za vipande?

Mara ya kwanza kujipima kilomita 5 nilikuwa na miaka 44, na nilitumia dakika 41. Nilianzia Coco Beach, nikavuka Daraja la Tanzanite, nikageuza. Njiani nilisimama nikashika magoti, natweta kama mbwa aliyefukuzwa sokoni, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anatembea zake huku anaongea na simu akanipita. Aliondoa simu sikioni kabisa ili aniambie, "Pole, baba."

Leo nina miaka 49 na umbali huohuo naumaliza kwa dakika 27 na sekunde 40. Kijana wa Arusha anayekimbia kwa ajili ya mkate atacheka akisikia, lakini kwangu ni zaidi ya dakika 13 zilizokatwa na mwili unaozeeka. Katikati hapo nimepita njia tatu, na mojawapo iliniweka nje wiki saba. Ndiyo maana watu wa ofisini wakiniuliza, "Kaka, nifanye nini niongeze spidi?" nashindwa kuwajibu kwa sentensi moja. Anayeuliza ana kilo ngapi, magoti ya namna gani, na anafika nyumbani saa ngapi? Jibu liko humo.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni kukimbia na kutembea kwa zamu. Jeff Galloway, Mmarekani aliyekimbia mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alianza kuitumia mwaka 1974 alipopewa darasa la watu wasio na mazoezi yoyote. Unakimbia dakika moja au mbili, unatembea, unakimbia tena. Ujanja wake ni kwamba unatembea kabla hujachoka. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunakimbia mpaka roho inafika kooni, ndipo tunatembea kwa aibu.

Ya pili ni kilomita nyingi kwa mwendo wa polepole. Anayetajwa sana hapa ni Arthur Lydiard, fundi wa kiwanda cha viatu huko New Zealand aliyegeuka kocha. Wanariadha wake wawili, Peter Snell na Murray Halberg, walitwaa dhahabu siku moja kwenye Olimpiki ya Roma mwaka 1960. Snell alikuwa mtu wa mita 800, ila alikuwa akikusanya kilomita kama 160 kwa wiki katika kipindi cha kujenga msingi. Kwetu sisi jambo kubwa zaidi ni kwamba Lydiard aliwachukua pia watu wazima wa Auckland, wengine wenye matatizo ya moyo, akawakimbiza taratibu. Mwaka 1962 kocha Mmarekani Bill Bowerman alimtembelea, akiwa na miaka 51. Walipotoka kukimbia na kundi hilo aliachwa nyuma, na mzee wa zaidi ya miaka 70 ndiye aliyebaki naye kumsindikiza.

Ya tatu ni mbio za vipande: unakimbia kwa nguvu umbali mfupi, unapumzika, unarudia. Wajerumani waliipangilia kitaalamu miaka ya 1930, na Emil Zátopek wa Chekoslovakia akaibeba mpaka Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952, alikoshinda mita 5,000, mita 10,000 na maratoni katika michezo ileile. Wasweden wana namna yao isiyo na uwanja wala vipimo vikali, wanaiita fartlek, yaani mchezo wa kasi. Ukifika Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya, siku ya Alhamisi asubuhi utaikuta barabarani: kundi kubwa, vumbi jekundu, dakika moja wanachomoka, dakika moja wanalegeza.

Tunazipima kwa nini

Nimechagua mambo matano. Muda unaokula kwa wiki. Namna mwili wa miaka 40 na ushei unavyoipokea. Kasi unayoipata, na lini. Mahali na pesa. Na la mwisho, ambalo watu hulidharau: utaweza kuifanya mpaka mwakani?

Sijaweka jambo la kupunguza uzito. Hilo linaamuliwa zaidi mezani kuliko barabarani.

Muda

Kutembea kwa zamu kunahitaji nusu saa, mara tatu kwa wiki. Hata anayeshuka daladala saa mbili usiku anaweza kuipata.

Vipande navyo havili muda. Dakika kumi za kupasha mwili, dakika ishirini za kazi, dakika kumi za kushusha pumzi, umemaliza. Mara moja kwa wiki inatosha kwa mtu wa umri wetu, mara mbili kwa aliyezoea. Ila dakika kumi zile za mwanzo si za hiari, nitaeleza.

Kilomita za polepole ndizo zinazokula saa. Faida yake inaanza kuonekana ukiwa na siku nne au tano kwa wiki, na mojawapo ikifika saa nzima au zaidi. Ukikimbia kilomita moja kwa dakika 7 na nusu, kilomita 30 za wiki ni karibu saa nne. Mwenye biashara anayefungua duka saa moja asubuhi atazipata wapi? Wapo wanaozipata, lakini wanalala saa tatu usiku.

Mwili wa miaka 40 unavyopokea

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi huharibikiwa.

Moyo na mapafu hujifunza haraka. Ndani ya wiki sita hadi nane utaona ngazi zilizokuwa zinakutoa jasho zimekuwa nyepesi. Kano hazina haraka hiyo. Kano ya kisigino inahitaji miezi kuimarika, na kwa mtu mzima ni mingi zaidi kuliko kwa kijana. Hivyo kuna kipindi, kama mwezi wa pili mpaka wa tano, ambapo pumzi inakuambia "twende" na miguu haijawa tayari. Majeraha mengi ya wakimbiaji wapya wa umri wetu yanatokea katika dirisha hilo: vigimbi, visigino, unyayo unaochoma ukikanyaga chini asubuhi.

Kutembea kwa zamu kunakulinda vizuri kuliko njia nyingine zote mbili katika kipindi hicho. Kila unapotembea, kigimbi kinapumzika na mwendo unabadilika, kwa hiyo mzigo haurudii palepale mara elfu kwa mfululizo. Mwenye uzito mkubwa, mwenye goti la zamani la mpira, au mama aliyekaa miaka kumi bila mazoezi, sioni sababu ya kuanzia pengine.

Kilomita za polepole ni salama pia, kwa sharti moja: ziwe polepole kweli. Tatizo la njia hii ni wale wanaosema wanaifanya na hawaifanyi. Unatoka nyumbani na nia njema, unamwona kijana mbele yako, damu inachemka, unamfukuzia. Kila siku unamaliza ukiwa umechoka wastani. Umekimbia kwa mwendo wa katikati, ambao ni mkali mno kuwa wa kupumzisha na ni mlegevu mno kukuongezea kasi. Mimi nilikaa hapo mwaka mzima. Muda wangu haukusogea hata sekunde.

Utajuaje kwamba uko polepole vya kutosha? Saa za mkononi zitakupa hesabu ya 220 kutoa umri wako kuwa kilele cha mapigo ya moyo. Kwa mtu wa miaka 46 ni 174. Kuna hesabu nyingine, 208 kutoa asilimia 70 ya umri, inayompa karibu 176. Zote ni wastani wa watu wengi, na wewe binafsi unaweza kutofautiana nazo kwa mapigo kumi au zaidi, kwa hiyo usizifanye msahafu. Sisi tuliosoma shule za msingi za miaka ya 80 tuna kipimo chetu tayari: mchakamchaka. Tulikimbia tunaimba, na mwalimu wa zamu alikuwa nyuma na fimbo kuhakikisha tunaitikia. Ukiweza kuitikia kibwagizo bila kukata maneno, uko polepole. Ukianza kumeza silabi, punguza mwendo. Klabu za jogging za Temeke na Ilala zinazopita mitaani Jumapili alfajiri na fulana zao za rangi moja zimehifadhi kipimo hicho bila hata kukiita kipimo.

Vipande ndivyo vyenye hatari kubwa kuliko vyote, na ni mimi wa kusimulia. Mwaka wangu wa tatu niliamua kwenda uwanja wa vumbi wa shule jirani kukimbia mita 400 mara nane. Nilichelewa kuamka, nikaruka kupasha mwili. Kwenye kipande cha sita nikasikia kitu kimenipiga kwenye kigimbi cha kushoto, "pah!", kama jiwe. Niligeuka kumtafuta mtoto aliyerusha. Uwanja mzima ulikuwa na mbuzi wawili na mimi. Msuli ulikuwa umechanika kidogo, na wiki saba zilizofuata nilizitumia kupanda na kushuka kwenye ngazi ya kibarazani: kuinuka kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha kushuka taratibu kwa mguu mmoja huku nahesabu mpaka tatu. Zoezi lile naendelea nalo hadi leo wakati maji ya chai yanachemka, na kama ningelianza kabla ya kukimbia vipande, pengine nisingeumia.

Hata hivyo vipande vina hoja yao ya kimwili, na ni nzito. Kadiri umri unavyokwenda, nyuzi za misuli zinazohusika na nguvu na kasi ndizo zinazosinyaa zaidi. Uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni nao unashuka, takribani asilimia 10 kwa kila miaka kumi baada ya 30 kwa asiyefanya mazoezi. Usipoudai mwili kasi, unaiachia taratibu. Kwa wanawake, kipindi cha kukoma hedhi kinaongeza jambo lingine: mifupa inapoteza uimara kwa haraka, na mazoezi yenye mishindo pamoja na kunyanyua uzito yanasaidia kuitunza. Polepole peke yake haikupi yote hayo.

Njia yoyote utakayochukua, kama una presha, kisukari, unavuta sigara, au baba au mama alipata shida ya moyo mapema, anza kwa daktari. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi inayokata ghafla ukiwa mbioni si jambo la kujikaza kiume. Simama na utafute hospitali siku hiyohiyo.

Kasi inakuja lini, na kiasi gani

Kwa miezi sita ya mwanzo karibu kila njia itakuongezea kasi, kwa sababu tu ulikuwa umekaa. Usiisifu njia kwa matunda ya kuanza. Tofauti inaonekana baadaye.

Watu hawaamini kwamba kutembea kwa zamu kunaweza kuwa na kasi, kwa hiyo tupige hesabu. Chukua mtu anayekimbia dakika 4 kwa mwendo wa 6:30 kwa kilomita (dakika 6 na sekunde 30 kila kilomita), kisha anatembea dakika 1 kwa haraka, mwendo wa 10:00. Kila dakika tano anasogea kama mita 715. Kilomita 5 zinaisha kwa dakika 35, na bado ana nguvu za kumalizia vizuri. Nimewaona wengi wanaokimbia bila kutembea wakifika baada yake, kwa sababu kilomita mbili za mwisho waliziburuza. Lakini njia hii ina dari. Mtu huyohuyo akitaka kumaliza kwa dakika 28 kwa zamu zilezile, itabidi dakika zake nne azikimbie kwa mwendo wa 5:03. Mwenye uwezo huo hahitaji tena kutembea kwenye kilomita 5. Kwenye kilomita 21 au 42 ni habari nyingine, huko zamu bado zinalipa.

Kilomita za polepole zinaleta kasi kwa kuchelewa na kwa kudumu. Mfano ninaoupenda ni Ed Whitlock wa Kanada. Alirudi kwenye mbio akiwa na miaka arobaini na kitu, na uzeeni akawa anazunguka makaburi yaliyo karibu na nyumbani kwake, polepole sana, hadi saa tatu kwa siku. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alikimbia maratoni ya Toronto kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Huo ni mwendo wa kama 4:09 kwa kilomita, mara arobaini na mbili. Kuna mambo mawili yanayosahaulika anaposimuliwa: alikuwa mkimbiaji mzuri tangu ujana, na alishiriki mashindano mara nyingi, kwa hiyo kasi aliipata humo. Hakuishi kwa polepole tupu.

Vipande vinaleta kasi mapema. Kuna utafiti wa Trondheim, Norway, uliochapishwa mwaka 2007. Vijana wa kiume waliokimbia dakika 4 kwa nguvu mara nne, na dakika 3 za kulegeza katikati, waliongeza uwezo wa kutumia oksijeni kwa zaidi ya asilimia 7 ndani ya wiki nane. Wenzao wa polepole hawakusogea kwa maana. Mashabiki wa vipande wanapenda kuutaja. Wanachoruka ni kwamba wale walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu wenye mazoezi tayari. Kwangu mimi vipande ndivyo vilivyonitoa dakika 31 hadi 28, na ndivyo vilivyonichana. Yote mawili ni kweli.

Kama unadhani umri wenyewe umekufungia mlango, mtazame Kenenisa Bekele wa Ethiopia: London 2024, akiwa na miaka 41, alikuwa wa pili kwenye maratoni kwa saa 2:04:15. Mwezi huohuo Edna Kiplagat wa Kenya, miaka 44, alishika nafasi ya tatu Boston. Hao ni wa mbingu nyingine. Ila wanaonyesha kwamba mteremko wa umri si mkali kama tunavyoambiana kwenye vikao vya harusi.

Mahali, joto na pesa

Kutembea kwa zamu kunafanyika popote, hata uchochoroni kwenye madimbwi. Simu yenye kengele inatosha.

Vipande vinataka sehemu tambarare isiyo na bodaboda. Kama huna uwanja, tumia muda badala ya umbali: dakika mbili kwa nguvu, mbili za kutembea, na nguzo za umeme ziwe mashahidi. Kilima nacho ni rafiki. Kupandisha kwa nguvu kunakupa mzigo wa moyo bila kasi kubwa ya miguu. Kigimbi kinafanya kazi zaidi ukipanda, kwa hiyo usianze na kilima kikali, lakini mapaja yako salama kuliko kwenye tambarare. Barabara za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hazikuitwa Mlimani kwa bahati mbaya.

Kwa kilomita nyingi adui wa Pwani ni joto na unyevu. Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, ukitoka saa moja asubuhi umeshachelewa. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa yake, na hapo linaingia suala la giza, mbwa na usalama, hasa kwa dada zetu. Wengi wanalitatua kwa kukimbia wawili wawili. Nairobi kuna msitu wa Karura, unalipa kiingilio na unapata njia za udongo chini ya miti. Mtu wa Dar akienda Arusha au Nairobi asishangae muda wake ukiharibika siku za mwanzo. Kule hewa ni nyepesi.

Pesa ni raba. Anayekusanya kilomita nyingi atazimaliza haraka, na mitumba ina mtego wake: juu inang'aa, lakini povu la ndani limeshakufa. Kabla hujalipa, bonyeza soli kwa kidole gumba pale pa kisigino. Ikiwa ngumu kama kandambili ya zamani, irudishe kwenye rundo hata kama rangi imekupendeza.

Utaifanya mpaka mwakani?

Kutembea kwa zamu kunadumu, kikwazo chake ni aibu. Vijana wa kijiweni watakuambia, "Mzee, umeishiwa gesi?" Inapita baada ya wiki mbili, wanazoea.

Polepole inadumu ukiwa na watu. Peke yako inachosha akili. Klabu ya jogging inasaidia sana hapa, kuna nyimbo, kuna utani, na supu mwishoni. Kasoro yake ni kwamba kundi linakwenda kwa mwendo wake na siyo wako. Na siku za bonanza utajikuta umekimbia kilomita 15 wakati ulizoea 6, kwa sababu hakuna anayetaka kurudi na bajaji.

Vipande vinaogopesha usiku wa kuamkia siku yake. Nafahamu watu wanaopenda hofu hiyo. Wengi hawaipendi, na kufikia mwezi wa tatu wanaanza kuona mawingu ya mvua yasiyokuwepo.

Wanaochanganya

Mtu makini atauliza kwa nini tusichanganye. Tuchanganye. Stephen Seiler, mtafiti Mmarekani aliyeko Norway, aliwachunguza wanariadha bora wa michezo ya ustahimilivu, akakuta karibu asilimia 80 ya mazoezi yao ni mepesi na yaliyobaki ni makali. Ila wale wanafanya mazoezi zaidi ya kumi kwa wiki. Wewe mwenye matatu, asilimia 20 yake ni zoezi moja lisilotimia, kwa hiyo usiibebe namba kama ilivyo. Chukua roho yake: siku nyepesi ziwe nyingi, na siku kali iwe kali kweli, na kati ya kali moja na nyingine zipite siku mbili angalau.

Hali yako ikoje?

Hujakimbia tangu shule, au una kilo nyingi, au goti linalalamika: anza na zamu. Dakika 1 kukimbia, dakika 2 kutembea, mara kumi, mara tatu kwa wiki. Kila baada ya wiki mbili ongeza nusu dakika ya kukimbia. Usiguse vipande kabla ya miezi minne, hata kama pumzi inakudanganya.

Unakimbia nusu saa bila kusimama, ila muda wako umeganda mwaka mzima, na una nafasi asubuhi: kuna uwezekano mkubwa uko kwenye mwendo wa katikati. Punguza kasi mpaka uweze kuimba, ongeza siku moja kwa wiki, na uvumilie miezi mitatu. Mwezi wa kwanza utajisikia unapoteza wakati.

Una msingi tayari, miezi sita au zaidi bila jeraha, lakini wiki yako ina saa mbili tu: vipande vinakufaa. Anza na dakika 1 kwa nguvu na dakika 2 za kutembea, mara sita, mara moja kwa wiki. Nguvu hapa ni mwendo ambao ungeushikilia robo saa hivi, siyo wa kukimbia polisi. Mimi wa dakika 27:40 nazikimbia mita 400 kwa dakika 2 na sekunde 4, na kipande cha mwisho lazima kifanane na cha kwanza. Kikichelewa kwa sekunde tano, naenda nyumbani.

Umevuka 55 au 60 na kasi si kwa ajili ya medali: zamu kwa siku nyingi, na mara moja kwa wiki kilima kifupi, pamoja na mazoezi ya visigino na kunyanyua uzito. Kupona kunachukua siku nyingi zaidi sasa, zihesabu kama sehemu ya mazoezi.

Una jeraha sasa hivi: hakuna kati ya hizi tatu mpaka uweze kutembea haraka nusu saa bila kuchechemea.

Umeshalipia mbio na zimebaki wiki sita, kama wengi wanavyojikuta mwezi wa Januari na Kilimanjaro Marathon ya Moshi iko mlangoni: hakuna muda wa kujenga msingi mpya. Endelea na njia unayoijua, ongeza kidogo tu, na wiki ya mwisho punguza nusu. Siku yenyewe, kilomita ya kwanza ikimbie kama mtu asiye na haraka ya kufika. Watakupita wengi pale, wenye fulana mpya na saa za bei mbaya. Utawakuta kilomita ya nne wameshika magoti. Ukiwapita, wape pole.